UZI: Kabla ya kusema "amechanganyikiwa", uliza imeanza lini na kwa kasi gani

Tabibu wa Wilaya

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mada ya afya ya akili ikifunguliwa humu, kufika ukurasa wa pili watu wameshagawanyika. Huyu anasema majini, yule anasema bangi, mwingine ukoo, wa nne ugumu wa maisha. Ubishi unapamba moto na swali ambalo daktari wa magonjwa ya akili huanza nalo halijaulizwa: hali hii imeanza lini, na imekuja kwa kasi gani? Jibu lake huchuja visababishi vingi kabla mgonjwa hajatolewa hata tone la damu. Naomba tujenge uzi juu ya swali hilo.

Saa chache hadi siku mbili tatu. Jana alikuwa mzima, leo anaongea visivyoeleweka, hajui yuko wapi, anadaka hewani vitu ambavyo wengine hawavioni. Kuna muda anatulia mpaka mnasema kapona, usiku anaharibika tena. Huyu chukulia kwamba ana ugonjwa wa mwili uliofika kwenye ubongo, mpaka vipimo viseme vinginevyo. Dalili mbili za kumtambua: fahamu zake hupanda na kushuka ndani ya siku hiyo hiyo, na mara nyingi huona vitu kuliko kusikia sauti. Mwambie ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma, Jumapili, Jumamosi, Ijumaa. Akipotea njiani, na kwa kawaida angeweza, ubongo wake uko taabani.

Vipimo vya kuanza navyo vinapatikana hata kituo cha afya: sukari (ikiwa chini ya 4 mmol/L itibiwe hapo hapo, majibu mengine yatakuja baadaye), joto, malaria, presha, wingi wa damu, VVU. Shingo ikikakamaa na ana homa, fikiria homa ya uti wa mgongo. Uliza kama aliangukia kichwa ndani ya wiki chache zilizopita, hasa mzee au mlevi, kwa sababu damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu na dalili zikachelewa. Uliza mara ya mwisho alikunywa pombe lini. Na uliza dawa zote anazotumia, za hospitali na za miti shamba.

Kosa linaloua ni lile la kumfunga kamba mtu wa namna hii, kumpeleka kuombewa au kwa mganga siku tatu nzima, kumbe ni malaria iliyopanda kichwani. Kosa la pili linafanywa na sisi watoa huduma: anapigwa sindano ya kumtuliza na kuandikiwa rufaa ya hospitali ya akili bila hata kupimwa sukari.

Wiki mbili na kuendelea. Hapa ndipo inapokaa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukosa hamu, ikiwemo ile ya baada ya kujifungua, pamoja na wasiwasi uliopitiliza. Mtu hupoteza hamu polepole. Zahanati nyingi humkosa kwa sababu hasemi "nina huzuni". Anasema kichwa kinawaka moto, mwili wote unauma, moyo unakwenda mbio, usingizi hakuna, tumbo linajaa gesi. Anatibiwa taifodi, halafu vidonda vya tumbo, halafu taifodi tena, na hakuna aliyemuuliza kama bado anafurahia kitu chochote.

Miezi mingi. Kijana wa miaka 15 hadi 30 anayeanza kujitenga, anashuka darasani, anaacha kuoga, anaongea peke yake, kisha anaanza kusikia sauti zikimjadili au kuamini kuna watu wanamfuatilia. Skizofrenia mara nyingi huja hivi. Wengi humleta siku anayovunja vioo na kusema "imeanza leo". Ukiwauliza aliacha lini kula pamoja na wenzake, wanakumbuka ni mwaka jana.

Inakuja na kuondoka. Kuna kipindi halali, anaongea bila kukoma, anagawa pesa na anajiona mteule. Kisha miezi ya kawaida. Kisha kipindi cha kulala kitandani wiki nzima. Hiyo ni bipola, na inatibiwa tofauti na sonona. Mtu wa bipola akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kupandishwa juu, yaani kurushwa kwenye kile kipindi cha kutolala, ndani ya wiki chache. Kwa hiyo kabla ya kuandika dawa hiyo, uliza: umewahi kuwa na siku kadhaa mfululizo ambazo hukulala na bado hukuchoka?

Wataalamu wengine karibuni muongezee.

---

Mama Shamte

Asante daktari kwa darasa. Naomba ufafanuzi kuhusu ukoo. Huku Tanga posa nyingi zinavunjika kwa sababu "kwao kuna mtu anaumwa akili". Ugonjwa huu unarithiwa kweli?

---

Saikolojia Mtaani

Dada Mama Shamte, kinachorithiwa ni wepesi wa kuugua. Ugonjwa wenyewe haurithiwi jumla jumla.

Chukua skizofrenia, ambayo katika jamii yoyote humpata chini ya mtu mmoja kwa kila 100. Mwenye mzazi mmoja aliyeugua, uwezekano wake unapanda hadi karibu mmoja kwa kumi. Ni kweli umepanda sana, lakini tisa katika kumi hawaugui. Hata mapacha wa kufanana, ambao urithi wao ni ule ule, mmoja akiugua, mwenzake huponyoka katika nusu ya visa au zaidi. Kwa hiyo kuna mengine yanayoamua: matatizo wakati wa kuzaliwa, mateso ya utotoni, bangi, kukosa usingizi, upweke.

Mtu akitaka kuutumia vizuri ujuzi wa ukoo wake, basi kijana mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua ajiepushe kabisa na bangi, hasa kabla ya miaka 25. Hatari huongezeka kwa mambo matatu: kuanza mapema, kuvuta kila siku, na kuvuta ile kali. Yakikutana na historia ya ukoo, kijana huyo amejiweka pabaya. Mirungi nayo ina njia yake: inakata usingizi, na mlaji wa kukesha siku kadhaa anaanza kuhisi watu wanamsema na kumwinda. Akiacha na kulala, wengi hutulia. Asipotulia baada ya wiki chache, apelekwe kliniki.

Kuhusu posa, mimi naona ni dhuluma. Familia zinazochunguza ukoo wa binti hazichunguzi kama bwana harusi anakunywa gongo kila jioni, na hilo ndilo litakaloharibu afya ya akili ya watu wa nyumba ile kuliko shangazi aliyewahi kulazwa hospitali ya akili ya Mirembe.

---

Mfamasia wa Kona

Niongezee upande wa dawa, kwa sababu malalamiko mengi ya "dawa za akili zimemharibu mtoto wetu" yanatokana na mambo yanayozuilika.

Haloperidoli ndiyo dawa ya kutuliza inayopatikana karibu kila hospitali. Mgonjwa, hasa kijana wa kiume, akianzishwa kwa dozi kubwa, ndani ya siku chache za mwanzo shingo inaweza kupinda upande, macho yakageukia juu na kugoma kushuka, taya likakaza, ulimi ukatoka nje. Anasikia kila kitu ila hawezi kujinyoosha. Ukiangalia kwa macho ya nyumbani, utaapa ni pepo limepanda. Wengi hukimbizwa kwenye maombi saa hiyo hiyo na dawa zinatupwa chooni. Hiyo ni misuli imekazwa na dawa. Sindano ya promethazini kwenye msuli, miligramu 25 hadi 50, humfungua ndani ya nusu saa hivi. Baadaye anapunguziwa dozi na kupewa vidonge vya benzheksoli, ambavyo wengi huviita Artane, kwa muda. Mtu anayeanza haloperidoli anatoshwa kabisa na miligramu 1.5 hadi 3 kwa siku, halafu apandishwe taratibu. Wanaoanzishiwa 10 au 15 ndio wanaorudi na shingo zimepinda.

Madhara ya pili yanafichika zaidi. Mgonjwa hawezi kukaa. Anasimama, anatembea, anakaa, anasimama, miguu inachezacheza, anasema ndani kunawaka. Ndugu wanasema ugonjwa umezidi, nesi anaongeza dawa, hali inakuwa mbaya zaidi. Kabla ya kuongeza dozi, muulize: unatembea kwa sababu unataka kwenda mahali, au mwili ndio unakataa kutulia? Jibu likiwa la pili, dozi ishuke.

La tatu ni nadra lakini ni la kukimbia: homa kali, mwili mgumu kama ubao, jasho, kuchanganyikiwa, kwa mtu aliye kwenye dawa hizi. Simamisha dawa na hospitali siku hiyo hiyo.

Sindano ya Modecate, ile ya kila mwezi kwa wenye skizofrenia: sindano ya kwanza ni ya majaribio, miligramu 12.5 ndani kabisa ya msuli wa tako. Mwili ukiipokea vizuri ndipo anaendelea na 25 kila wiki nne hivi. Ukiruka hatua ya majaribio na mwili ukaikataa, dawa hiyo huwezi kuitoa. Itakaa mwilini wiki kadhaa.

Sasa dawa za sonona. Amitriptilini inaanzwa na miligramu 25 usiku, halafu inapandishwa. Kwa mtu mzima sonona kwa kawaida inahitaji 75 hadi 150. Watu wanaachwa kwenye 25 miaka miwili, wanalala vizuri na sonona iko pale pale. Fluoksetini ni miligramu 20 asubuhi, ikinywewa jioni inafukuza usingizi. Zote mbili huchukua wiki mbili hadi nne kuonyesha kazi, lakini kichefuchefu na kinywa kukauka vinakuja siku ya kwanza. Mgonjwa asipoelezwa hilo mapema, siku ya kumi anaacha. Kwa vijana, wiki za mwanzo za fluoksetini wasiachwe bila mtu wa karibu, maana baadhi hupata fadhaa na mawazo ya kujidhuru.

Na tafadhali, amitriptilini isitolewe ya miezi mitatu kwa mkupuo mmoja kwa mtu aliyekata tamaa. Ikizidi inasimamisha moyo. Apewe ya wiki moja au mbili, na ndugu ndiye aishike.

---

Kijana wa Pwani

Mkuu Mfamasia, kuna dawa za magonjwa mengine zinazoweza kuleta shida ya akili?

---

Mfamasia wa Kona

Zipo. Kwenye ARV, efavirenzi ilijulikana kwa ndoto za kutisha, kizunguzungu na huzuni, ndiyo maana ilikuwa inanywewa usiku. Siku hizi wengi wako kwenye dolutegraviri, ambayo kwa baadhi inakata usingizi. Hao wahamishie kunywa asubuhi kabla ya kuwafikiria kitu kingine. Upande wa TB, isoniazidi inaweza kuleta kuchanganyikiwa na ganzi ya miguu, hivyo vitamini B6 isisahaulike. Saikloserini ya TB sugu ndiyo ya kuangaliwa zaidi kwa sonona na kusikia sauti. Meflokwini ya malaria isipewe mtu mwenye historia ya ugonjwa wa akili. Prednisoloni kwa dozi kubwa inaweza kumpandisha mtu juu ndani ya siku chache.

Mtu asiache ARV wala dawa za TB kwa uamuzi wake. Arudi kliniki, aseme dalili zimeanza siku ngapi baada ya dawa. Hapo tena ni lile lile la Tabibu: imeanza lini.

---

Nesi wa Wodi ya Wazazi

Kwa akina mama waliojifungua, tarehe ndiyo inayoamua.

Siku ya tatu hadi ya tano mama analia bila sababu, anacheka, analia tena. Hiyo ni kawaida, inawapata akina mama wengi sana na huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Dawa yake ni usingizi na mtu wa kumpokea mtoto. Ikivuka wiki mbili, au ikianza baadaye, fikiria sonona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua. Wengi huonekana kwenye kliniki ya chanjo, kadi ya mtoto imejazwa vizuri, uzito umepimwa, mama mwenyewe hajaulizwa lolote.

Kuna dodoso la Edinburgh la maswali kumi linalouliza siku saba zilizopita. Jumla ni 30, na kwa kawaida 13 na kuendelea inahitaji mtaalamu. Kwenye foleni ndefu nauliza mawili tu: mtoto akilala, wewe unalala? Na kuna saa unahisi mtoto huyu angekuwa na mama mwingine ingekuwa afadhali? Mama ambaye hawezi kulala hata mtoto akiwa amelala na nyumba imetulia, huyo namkalisha pembeni.

Kipo kingine ambacho ni dharura. Mama mmoja au wawili kwa kila elfu wanaojifungua, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, anaacha kulala kabisa, anaanza kusema mtoto si wake, au mtoto ana jambo la kiroho, anachanganya mambo. Asiachwe peke yake na mtoto hata dakika. Apimwe joto kwanza, kwa sababu maambukizi ya kizazi huanza hivyo hivyo, na presha pia, kwa sababu ya kifafa cha mimba. Mwenye bipola yuko kwenye hatari kubwa hapa, kwa makadirio ya wengi karibu mmoja kati ya watano. Mpango wake uandaliwe kabla hajafika miezi tisa.

Naomba pia madaktari wasiandike valproeti, dawa ya bipola na kifafa, kwa msichana au mama anayeweza kushika mimba kama ipo njia nyingine. Karibu mtoto mmoja kwa kumi anayekuwa tumboni mama akiitumia huzaliwa na kilema, na wengi zaidi huchelewa kukua kiakili. Na karbamazepini, nayo ya bipola na kifafa, inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi. Mama anadhani yuko salama, kumbe hayuko. Sindano ya miezi mitatu au kitanzi ni salama zaidi kwake.

---

Kijana wa Pwani

Je, ninaweza kujipima mwenyewe kama nina sonona au ni msongo wa mawazo tu?

---

Saikolojia Mtaani

Kuna dodoso la PHQ-9, limetafsiriwa kwa Kiswahili na linatumika kliniki nyingi. Linauliza wiki mbili zilizopita, mambo tisa: kukosa hamu ya kufanya mambo, huzuni au kukata tamaa, usingizi kupungua au kuzidi, uchovu, kula kidogo au kupita kiasi, kujiona umeshindwa au umeiangusha familia, kushindwa kutuliza akili, kufanya mambo polepole mno, au kuhangaika mpaka watu wanaona, na mawazo kwamba heri ufe au ujidhuru.

Kila moja lipe alama: 0 haikutokea, 1 siku kadhaa, 2 zaidi ya nusu ya siku, 3 karibu kila siku. Jumla 27. Kuanzia 5 ni hali ndogo, 10 ya kati, 15 nzito kiasi, 20 kali. Kuanzia 10 nenda ukaonane na mtu. Swali la tisa halifuati jumla: ukijibu lolote juu ya 0, zungumza na mtaalamu leo, hata kama mengine yote ni sifuri.

Watu hukosea mahali pawili. Kwanza, wanapima wiki ya msiba na kujiita wagonjwa. Pili, wanasahau kwamba uchovu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula vinaletwa pia na upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi, VVU na kisukari. Nenda na karatasi ya alama, lakini omba na vipimo.

Sasa hili la "msongo wa mawazo tu" silipendi. Msongo usiopumzika ni njia mojawapo kubwa ya kuelekea kwenye sonona. Na kuna kazi ya kufanya ambayo haihitaji kidonge. Zimbabwe, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda alianza kufundisha bibi wa mitaani kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, vikao visivyozidi sita hivi, wakitatua shida moja moja. Utafiti wake uliochapishwa 2016 ulionyesha waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Hapa jirani, Uganda, wilaya za Masaka na Rakai, vijiji 30 viliingia kwenye utafiti uliochapishwa 2003. Watu wa kawaida waliofundishwa wiki mbili waliendesha vikundi vya dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, wakizungumzia msiba, ugomvi na watu wa karibu, na mabadiliko ya maisha. Kati ya washiriki wa vikundi, wenye sonona walishuka kutoka 86% hadi 6.5%. Kwenye vijiji ambavyo havikupata vikundi, zaidi ya nusu ya washiriki walibaki na sonona.

Namna ya kutatua shida kwa mtindo huo, mfano madeni. Mtu anasema "madeni yananimaliza". Sentensi hiyo haina pa kuishika. Chukua daftari, andika kila anayekudai: kikoba kiasi gani, duka la Mangi kiasi gani, mkopo wa kausha damu kiasi gani na riba yake kwa wiki. Chagua deni moja, lile linaloongezeka haraka. Andika kila njia inayowezekana bila kuichuja: kuuza kitu, kwenda kuzungumza nao upya, kuomba ndugu alipe na wewe umlipe taratibu bila riba. Halafu chagua njia moja na uivunje mpaka ifike kwenye kitendo cha kesho: kesho saa nne nitakwenda ofisini kwao na elfu ishirini kuomba ratiba mpya. Baada ya wiki mnakaa tena: kilifanyika? Kama hapana, kilikwama wapi? Kinachoua njia hii ni msaidizi kutoa ushauri. Akishaanza "mimi ningekuwa wewe", mgonjwa anaitikia ndiyo ndiyo na hafanyi kitu. Na kosa lingine ni kushika shida tatu kwa mpigo.

---

Ustadh Kheri

Wataalamu, Mungu awalipe. Swali: mgonjwa anayeombewa au kusomewa, na Ramadhani ikija, dawa afanyeje? Wengi wanaambiwa waache dawa ili dua ifanye kazi.

---

Tabibu wa Wilaya

Ustadh, dua na dawa havigombani mwilini. Dawa ya skizofrenia ikiachwa ghafla, wengi hurudi walikotoka ndani ya miezi. Viongozi wa dini wakisema tu "endelea na kidonge chako tunapokusomea", watakuwa wameokoa watu wengi. Minyororo, njaa na kukesha kwenye kambi za maombi vinadhuru: kwa mtu wa bipola, kukosa usingizi usiku mmoja au miwili kunatosha kumpandisha.

Ramadhani: fluoksetini inahamia daku, na dawa nyingine nyingi za mara moja kwa siku zinahamia daku au futari bila shida. Dawa za mara mbili, moja futari, moja daku, baada ya kumwona daktari. Litiamu, dawa ya bipola, ni habari nyingine. Mwili ukikauka maji, kiwango chake kwenye damu kinapanda mpaka kuwa sumu: mikono inatetemeka sana, anatapika, anaharisha, anayumba kama mlevi. Mwenye litiamu aonane na daktari wake wiki kadhaa kabla ya mfungo, na kama hali haijatulia asifunge. Mwaka mzima pia aepuke diklofenaki na ibuprofeni, zinapandisha litiamu vile vile. Parasetamoli haina shida hiyo.

Na kwa kuwa pombe imetajwa juu: mnywaji wa kila siku asiachishwe ghafla nyumbani kwa nadhiri. Kutetemeka huanza ndani ya saa 6 hadi 24, degedege ndani ya siku mbili, na kuchanganyikiwa kukali siku ya pili hadi ya tatu, na huko watu hufa. Aachie hospitali kwa diazepamu, dawa ya kutuliza, inayopunguzwa siku hadi siku, na thiamini, vitamini B1. Thiamini itangulie kabla ya dripu ya sukari. Dripu ikitangulia kwa mtu aliyeishiwa vitamini hiyo, inaweza kumharibu ubongo moja kwa moja.

---

Mama Shamte

Na anayesema anataka kufa? Watu wanaogopa kumuuliza wasije wakampa wazo.

---

Nesi wa Wodi ya Wazazi

Dada, kumuuliza hakumpi wazo. Wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye mtu ameuliza. Uliza wazi: unawaza kujiua? Umepanga namna? Umepanga lini? Vitu vya kufanyia hivyo vipo nyumbani? Mwenye mpango na siku asiachwe peke yake, apelekwe hospitali na mtu anayemwamini.

Ondoeni njia. Sumu za shamba na dawa zilizobaki zihamishwe nyumba nyingine au zifungwe, ufunguo ashike mtu mwingine. Wimbi kali la kutaka kufa mara nyingi hudumu muda mfupi, na asipokutana na sumu ndani ya muda huo anabaki. Sri Lanka ilipiga marufuku viuatilifu vikali zaidi kwa awamu, na vifo vya kujiua vikashuka kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata.

Kama ameshameza kitu, msimtapishe wala kumpa maziwa. Chukueni chupa au pakiti yenyewe, mwende nayo. Msimfiche daktari kwa hofu ya polisi. Hofu hiyo naielewa: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, wakati Mahakama Kuu ya Kenya Januari 2025 ilitamka kwamba kifungu chao cha 226 kinakiuka katiba. Lakini daktari asiyejua kilichomezwa anatibu gizani, na kwa baadhi ya sumu muda wa kumsaidia ni mfupi mno.

---

Kijana wa Pwani

La mwisho wakuu: akipata nafuu, dawa anaacha lini?

---

Mfamasia wa Kona

Inategemea ugonjwa. Sonona ya mara ya kwanza: ahesabu kuanzia siku aliyopata nafuu kamili, siyo siku aliyoanza dawa, na aendelee miezi tisa hadi kumi na miwili kwa dozi ile ile iliyomponya. Halafu ipunguzwe taratibu kwa wiki nne au zaidi. Amitriptilini kwa mfano inashuka 25 kwa 25. Fluoksetini hukaa mwilini muda mrefu, hivyo hushuka kwa upole yenyewe, lakini apunguziwe vile vile. Kizunguzungu, ndoto nyingi na hasira katika siku chache baada ya kupunguza ni mwili unazoea. Huzuni inayorudi polepole baada ya wiki kadhaa ndiyo ugonjwa unarudi. Sonona iliyorudi mara mbili tatu, dawa ni ya miaka.

Skizofrenia, baada ya kipindi cha kwanza, angalau mwaka mmoja akiwa ametulia kabla hata ya kulizungumzia, na uamuzi uwe wa daktari wa magonjwa ya akili. Bipola, angalau miaka miwili.

Diazepamu, ile Valium inayouzwa kiholela, ni kinyume chake: kwa usingizi au wasiwasi isivuke wiki mbili hadi nne. Aliyeitumia miezi asiikate siku moja, anaweza kuanguka degedege. Apunguze sehemu ndogo kila wiki mbili, daktari akiwa anajua. Na kila anayerudi kliniki aje na vitu vitatu: dawa zenyewe ndani ya pakiti zake, daftari lenye tarehe kila dalili ilipoanza, na ndugu anayelala nyumba moja naye, kwa sababu huyo ndiye anayejua mgonjwa analala saa ngapi.